Jina la Tabaka na Mto Unaohama

Uwanda wa Kyela ni nchi tambarare iliyoko katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Upande wa kaskazini umetawaliwa na milima ya Rungwe na Uporoto, na upande wa mashariki na safu ya milima ya Livingstone, iitwayo pia milima ya Ukinga. Kutoka huko juu huteremka mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Na upande wa magharibi hupita Mto Songwe, ambao ni mpaka kati ya Tanzania na Malawi. Mito hii hushuka milimani kwa kasi, ikibeba mchanga na udongo. Ifikapo uwandani, ambako mteremko ni mdogo mno, maji hupoteza nguvu, mchanga hutua, na mto huanza kupinda huku na huku. Katika nchi hiyo ya mpunga, migomba na kakao, kando ya ziwa, ndipo ilipo Mwaya. Wakati wa utawala wa Waingereza Mwaya ilikuwa bandari ya meli za ziwa. Baadaye shughuli hizo zilihamia Itungi, na Itungi nayo haikusalimika na adha ya mchanga.

Mto unaopinda hula ukingo mmoja na kujenga wa pili, na baada ya mafuriko makubwa waweza kuacha kabisa njia yake ya zamani. Songwe ni mfano unaojulikana sana. Mapindi yake ya chini yamekuwa yakihama, na kuhama huko ni sababu mojawapo iliyozifanya serikali za Tanzania na Malawi kushirikiana katika mpango wa kuutuliza mto huo na kuliendeleza bonde lake.

Ufuko wa ziwa nao hautulii mahali pamoja. Kati ya mwaka 1915 na 1935 hivi, maji ya Ziwa Nyasa yalikuwa yameshuka hata yakaacha kutoka kwa njia ya Mto Shire upande wa kusini. Mwaka 1979 na 1980 yalipanda sana. Tofauti kati ya kipimo kile cha chini na hiki cha juu ni zaidi ya meta 6. Penye majabali tofauti hiyo ni ndogo. Lakini penye uwanda ambao mteremko wake ni meta 1 kwa kila meta 200, ziwa likipanda meta 1 tu ufuko husogea meta 200 kuelekea mashambani.

Kwa hiyo mstari uliochorwa ramanini kuonyesha mto au ufuko katika nchi kama hiyo ni ushuhuda wa siku fulani tu. Ili ushuhuda huo uwe na faida, hapana budi ujulikane ni wa nani na wa lini. Siku hizi, ambapo ramani na michoro ya ujenzi hutengenezwa kwa kompyuta, ushuhuda huo hutunzwa mahali padogo ambapo watu wengi hawapaangalii: katika jina la tabaka.

TABAKA NI NINI?

Mwanafunzi wa jiografia anaifahamu ramani ya uwiano wa 1:50,000. Maji huonyeshwa kwa rangi ya buluu, kontua kwa rangi ya kahawia, mimea kwa kijani, na majina kwa nyeusi. Katika uchapaji wa zamani kila rangi ilikuwa na bamba lake. Karatasi ilipita chini ya bamba la buluu, kisha la kahawia, kisha la kijani, mpaka ramani ikakamilika. Kama bamba moja lingeachwa, tuseme la kontua, karatasi ingetoka na mito na barabara zote, ila milima isingeonekana. Wahandisi nao walikuwa na desturi inayofanana na hiyo. Waliandaa karatasi angavu kadhaa zinazolingana: moja yenye kuta za jengo, ya pili yenye mabomba ya maji, ya tatu yenye nyaya za umeme. Wakizipandanisha waliona jengo zima. Wakiziachanisha waliona kazi ya kila fundi.

Programu za kuchorea kwa kompyuta ziliirithi desturi hiyo. Kila mstari, duara au neno lililomo katika mchoro huwekwa katika tabaka fulani, na kila tabaka lina jina. Mchoraji aweza kuliwasha au kulizima, kulipa rangi, au kuligandisha ili kompyuta isihangaike nalo. Kompyuta hutunza vizuri sana mahali ulipo mstari, hata kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimeta. Lakini kuhusu mstari huo ni kitu gani, kompyuta haina habari. Mstari uliopinda waweza kuwa mto, mtaro, njia ya miguu au mpaka wa shamba. Mara nyingi jina la tabaka ndilo peke yake linalosema.

KWA NINI MAJINA HUHARIBIKA?

Laiti wachoraji wote wangetumia programu moja na kanuni moja, pasingekuwa na tatizo. Sivyo ilivyo. Programu ya AutoCAD ilipotolewa mwaka 1982 iliambatana na muundo wa faili uitwao DXF, uliokusudiwa kuwezesha michoro kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine, na muundo huo ungali unatumika. Hata hivyo kila programu ina desturi zake za majina, na mchoro unapovuka mpaka kati ya programu mbili, majina ndiyo yanayoumia kwanza.

Programu ya MicroStation, kwa mfano, kwa miaka mingi ilitumia namba. Mchoro ulikuwa na matabaka 63, yaani la 1 hadi la 63, na kila ofisi ilikuwa na orodha yake ikieleza kwamba namba hii ni mito na namba ile ni barabara. Ni katika toleo lililotoka mwaka 2001 ndipo kikomo hicho kilipoondolewa na majina kamili yakachukua nafasi. Mchoro wa namna hiyo ukiingizwa katika programu nyingine bila orodha yake, mpokeaji hupata matabaka yenye majina kama 5, 12 na 21. Mistari yote imo. Maana yake imebaki ofisini ilikotoka.

Matoleo ya zamani ya AutoCAD nayo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, yalikubali jina lisilozidi herufi 31, bila nafasi kati ya maneno, na bila alama nyingine isipokuwa kistari, mstari wa chini na alama ya dola. Matoleo yaliyofuata yaliongeza kikomo hadi herufi 255. Lakini faili nyingi bado huhifadhiwa katika muundo wa zamani ili programu zote ziweze kuzisoma. Fikiria jina hili: MPAKA_WA_MAFURIKO_MWAYA_MWAKA_WA_1979. Programu ikilikata kwenye herufi ya 31, litabaki MPAKA_WA_MAFURIKO_MWAYA_MWAKA_W. Mwaka wenyewe, ambao ndio uliokuwa muhimu kuliko yote, umetupwa. Na tabaka la mwaka 1980 nalo likikatwa litapata jina lile lile. Funzo ni kwamba jambo la maana liwekwe mwanzoni: 1979_MAFURIKO_MWAYA.

Lugha ya Kiswahili ina bahati njema hapa, kwa kuwa herufi zake hazina alama za juu wala za chini kama zilivyo za Kifaransa. Pana neno moja tu la kuangalia, nalo ni kila neno lenye ng'. Ile alama ya juu haikukubaliwa na kanuni ya zamani. Mchoraji aliyetaka tabaka la NJIA_YA_NG'OMBE alilazimika kuandika NGOMBE. Kwa ng'ombe hapana hasara, maana msomaji ataelewa. Lakini kwa majina ya vijiji na vijito, ambayo mgeni hayajui, herufi iliyopotea yaweza kuzaa mahali pasipokuwapo.

MAJINA MAWILI, KITU KIMOJA

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila kila kosa lililomo hutokea kweli. Chukulia kwamba mhandisi ametakiwa kusanifu tuta la kuzuia maji na kalavati karibu na Mwaya. Anakusanya michoro mitatu: wa kwanza umenakiliwa kutoka ramani ya zamani ya 1:50,000, wa pili umeletwa na mpimaji aliyetembea ukingoni mwa mto na chombo cha kupokea mawimbi ya satelaiti, wa tatu ni wa barabara. Anaviingiza vyote katika faili moja. Orodha ya matabaka inajaa: MTO, Mto, RIVER, MITO_MIKUBWA, LUFILYO, LUFIRIO, 12.

Sehemu ya vurugu hii ni rahisi. Mto unaoingia ziwani mashariki ya Mwaya huandikwa Lufilyo na pengine Lufirio. Ni mto mmoja. Ziwa lenyewe huitwa Nyasa Tanzania, Malawi kwa majirani wa magharibi, na Niassa Msumbiji. Programu huyahesabu hayo kuwa matabaka mbalimbali, kwa maana haijui jiografia. Mchoraji akizima tabaka la LUFILYO, nusu ya mto itatoweka na nusu itabaki. Dosari ya namna hii huonekana kwa macho, na dawa yake ni kuchagua jina moja na kuyabadili mengine.

JINA MOJA, VITU VIWILI

Hatari kubwa iko upande wa pili. Ramani ya zamani ina tabaka liitwalo MTO, na mchoro wa mpimaji una tabaka liitwalo MTO. Katika programu nyingi, mchoro mmoja ukiingizwa ndani ya mwingine, matabaka yenye jina moja huunganishwa bila kuuliza. Mistari ya mgeni humwagwa katika tabaka la mwenyeji, na hupata rangi ya mwenyeji. Kuanzia hapo mchoro una mito miwili inayokatizana, yote ya buluu, na hakuna kilichobaki cha kueleza upi ni upi.

Hapo mhandisi anaweza kusema kwamba mto umehama, naye atakuwa na sababu, kwa kuwa mito ya Kyela huhama kweli. Lakini pana uwezekano mwingine. Ramani za zamani za Tanzania zilijengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Vyombo vya satelaiti hutumia msingi mwingine, WGS84. Pointi moja ile ile ardhini hupata namba tofauti katika misingi hii miwili, na tofauti yenyewe katika Tanzania ni kama meta 300, sehemu kubwa ikiwa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Katika ramani ya 1:50,000 meta 300 ni milimeta 6. Jicho haliwezi kukosa kuziona.

Sasa msomaji atazame jambo hili kwa makini. Mito ya uwanda wa Kyela kwa jumla hutiririka kutoka kaskazini kuelekea ziwani upande wa kusini. Mstari wa mto wa namna hiyo ukisogezwa meta 300 kaskazini au kusini, utateleza juu ya njia yake wenyewe. Pale uliponyooka, mstari wa zamani na mpya utaangukiana. Tofauti itaonekana kwenye mapindi peke yake. Na hivyo ndivyo hasa unavyoonekana mto ambao mapindi yake yameteremka kidogo kidogo kuufuata mkondo. Kosa la hesabu limevaa sura ya tukio la kweli.

Jina la tabaka lingeweza kuamua shauri hili, lakini kwa sharti liwe limeandikwa vema. Hata jina MTO_1960 halitoshi. Je, 1960 ni mwaka ambao mto ulipigwa picha, au ni jina la msingi wa Arc 1960? Mwandishi wa jina hilo alijua, na siku ile halikuhitaji maelezo. Anayelisoma miaka 40 baadaye hajui, na tuta litajengwa kwa kufuata dhana yake. Tuta likiwekwa mahali pasipostahili, maji yatapita nyuma yake na kuingia katika majaruba ya watu.

Ipo njia ya kujinasua majina yakiwa yamepotea. Mto huhama, lakini njia panda, daraja la zege au jengo la shule havihami. Kama shule iliyomo katika michoro yote miwili nayo imeachana kwa meta 300, basi mto haujahama. Kilichobadilika ni msingi wa upimaji. Kama shule zimeangukiana na mto umeachana, mto ndio uliohama. Na kama vyote vimeachana kwa vipimo tofauti, mambo yote mawili yametokea, na hesabu ya kwanza lazima isahihishwe kabla ya kuitazama ya pili.

HATUA ZA USAFISHAJI

Kusafisha majina ya matabaka ni kazi ya utaratibu kuliko ya akili nyingi. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, faili la asili lisiguswe. Kazi yote ifanywe katika nakala, na la asili liwekwe pamoja na jina la aliyelileta na tarehe lilipopokewa.

Pili, matabaka yote yawashwe na yaliyogandishwa yayeyushwe. Mara nyingi mistari ya maana imelala katika tabaka lililozimwa, na asiyeiona hukosa kuihesabu.

Tatu, liandaliwe jedwali. Safu ya kwanza iwe jina la zamani kama lilivyokuja. Ya pili, kitu chenyewe ardhini. Ya tatu, chanzo cha habari. Ya nne, mwaka. Ya tano, msingi wa upimaji. Na ya mwisho, jina jipya. Jedwali hili lina thamani kuliko mchoro uliosafishwa, kwa kuwa kwa njia yake kosa lolote laweza kurudiwa na kurekebishwa.

Nne, matabaka yaunganishwe pale tu ambapo kitu, chanzo, mwaka na msingi vinalingana vyote. Kimoja kikitofautiana, yabaki mbalimbali.

Tano, majina mabaya kwa sura yasiharakishwe kufutwa. AutoCAD ina njia ya kuutegemeza mchoro mmoja juu ya mwingine bila kuuingiza. Mchoro huo ukifungamanishwa moja kwa moja, matabaka yake huweza kupata majina kama MPIMAJI$0$MTO. Mchoraji apendaye usafi hukimbilia kuondoa alama hizo. Lakini sehemu ya mbele ni jina la faili tabaka lilikotoka: ni cheti cha kuzaliwa. Kwanza kinakiliwe katika jedwali, ndipo kiondolewe.

Sita, yatazamwe matabaka mawili ya pekee katika AutoCAD. Tabaka liitwalo 0 haliwezi kufutwa wala kubadilishwa jina, na watu wengi huchorea humo kwa kutojali. Vilivyomo vigawanywe mahali pake. Tabaka liitwalo Defpoints huonekana kwenye kioo lakini halichapwi. Mpaka wa shamba uliochorwa humo kwa bahati mbaya utaonekana ofisini na kukosekana katika karatasi itakayopelekwa kijijini.

Saba, mwisho kabisa, matabaka matupu yafutwe. Programu nyingi zina amri ya kufanya hivyo kwa mara moja.

Mataifa yamejaribu kuweka kanuni ya pamoja. Kanuni ya kimataifa ya ISO 13567, iliyotolewa kwanza mwaka 1998, hulipanga jina la tabaka katika sehemu. Tatu ni za lazima: nani anayehusika, ambayo hupewa herufi 2; ni kitu gani, herufi 6; na kimeonyeshwa kwa namna gani, herufi 2. Zipo na sehemu za hiari, kama vile hali ya kitu hicho, yaani kama ni kipya, ni cha kubaki au ni cha kubomolewa. Ofisi ndogo si lazima ifuate kanuni nzima. Inatosha iwe na orodha yake fupi, iliyoandikwa, iliyobandikwa ukutani, na inayotumwa pamoja na kila mchoro unaotoka.

ZOEZI KWA DARASA

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Mwalimu achukue kipande cha ramani ya 1:50,000 chenye mto na barabara, na karatasi angavu nne. Kundi la kwanza linakili mto katika karatasi moja na barabara, pamoja na majengo, katika ya pili. Kundi la pili lifanye vivyo hivyo, lakini mwalimu aisogeze ramani milimeta 6 kuelekea kaskazini bila kuwaambia, pembe za karatasi zikiwa zimewekewa alama. Karatasi zote ziandikwe MTO na BARABARA, basi, bila neno zaidi.

Siku ya pili karatasi zichanganywe na kupewa kundi la tatu, ambalo halikuwapo. Kundi hilo liulizwe: je, mto umehama? Wanafunzi waachwe wabishane. Kisha waulizwe ni maneno gani machache ambayo, kama yangaliandikwa pembeni mwa kila karatasi, yangaliumaliza ubishi huo. Maneno watakayoyataja yaandikwe ubaoni. Hayo ndiyo jina la tabaka.